Printa ipo kwenye Wi-Fi, kompyuta ipo kwenye Wi-Fi hiyo hiyo, lakini hazionani. Msaada wakuu

Mzee wa Tabata (mleta uzi)

Habari zenu wakuu. Naombeni msaada, hii ni siku ya tatu nahangaika na heshima yangu humu ndani inaanza kushuka.

Nimenunua printa ya wino wa tanki, ile inayotoa kopi na kuskani, na ina Wi-Fi. Nilifuata maelekezo nikaiunganisha, taa yake ya Wi-Fi imetulia, haipepesi. Simu ya mke wangu inaprinti vizuri tu, yupo kwenye kochi anabonyeza, karatasi inatoka. Kompyuta yangu ndiyo imegoma. Printa naiona kwenye orodha, ila nikituma kazi inaandika Offline, kazi inalala kwenye foleni.

Kabla hamjauliza: ndiyo, vyote vipo kwenye Wi-Fi moja. Jina hilo hilo, nywila hiyo hiyo. Na nimeshazima na kuwasha kila kinachozimika humu ndani ukiacha friji.

Cha ajabu sasa. Juzi saa nne usiku nipo sebuleni naangalia mpira, kompyuta ipo mapajani, mara printa ikaanza kunguruma yenyewe ikatoa karatasi tatu nilizotuma mchana nikiwa chumbani. Mke wangu akaniuliza kama kuna mtu kaingia kwenye mtandao wetu. Asubuhi nikarudi chumbani kujaribu tena: Offline.

Shule imetuma kazi za likizo za kijana wangu wa darasa la tano, kurasa 14, kwenye WhatsApp. Yeye ndiye mtu pekee humu ndani anayeniambia "baba usihangaike".

---

Dogo Draiva

Hiyo draiva mkuu. Futa draiva, shusha mpya kutoka tovuti ya kampuni. Ikigoma piga Windows chini, weka upya. Mimi ya kwangu ilipona hivyo.

---

Mwana wa Pwani

Nafuatilia.

---

Mzee wa Tabata

Dogo Draiva draiva nimeweka mara mbili. Hiyo ya kupiga Windows chini naomba iwe ya mwisho kabisa, nina mafaili ya ofisi humu.

---

Mama Kopi

Pole kaka. Mimi nina steshenari Mwanza, nimepigana na hizi mashine miaka. Swali moja: bando lipo? Maana kuna wateja wananiletea malalamiko kuwa simu inaona printa asubuhi, jioni haioni, kumbe bando limeisha.

---

FundiWaya

Mama Kopi, shikamoo. Hapo niweke sawa kidogo maana hili linawachanganya wengi. Kuprinti ndani ya nyumba hakuli bando. Kazi inatoka kwenye simu inaenda kwenye ruta, ruta inaipeleka kwa printa, basi. Haitoki nje ya ukuta. Hata ukichomoa waya wa intaneti kwenye ruta, printa itaendelea kupokea kazi.

Ila ulichokiona ni cha kweli, sababu yake ndiyo nyingine. Bando likiisha, simu nyingi za Android zinagundua kuwa Wi-Fi haina intaneti, zinahamia kwenye data ya laini kimyakimya. Simu ikishahama, haipo tena kwenye mtandao wa nyumbani, printa itaionaje? Dawa ni kuzima data kwa muda unaoprinti, au simu ikiuliza kama ubaki kwenye Wi-Fi isiyo na intaneti, ukubali.

Mleta uzi nakuja kwako. Hiyo hadithi ya saa nne usiku imenipa picha, lakini sitaki kubashiri. Nipe namba tatu:

Ya kwanza, kwenye kompyuta ukiwa chumbani, fungua lile dirisha jeusi la cmd, andika ipconfig, nisomee mstari wa IPv4, ndiyo anwani ya kompyuta kwenye mtandao. Ya pili, printa iamuru itoe karatasi ya hali ya mtandao, zipo nyingi ambazo unashikilia kitufe cha Wi-Fi au cha "i" sekunde kadhaa, kijitabu chake kitakuelekeza. Humo utakuta anwani yake ya IP. Ya tatu, simu ya shemeji: mipangilio, Wi-Fi, gusa jina la mtandao, shuka chini.

Na swali la nyongeza: humo ndani una ruta ngapi?

---

Mama Kopi

Marahaba mwanangu. Kumbe! Nimewauzia watu vocha bure.

---

Kijana wa Rongai

Hii ni ile stori ya masafa ya Wi-Fi, gigahezi 5 na 2.4. Mimi niko Rongai, yangu ilinisumbua hivyo wiki nzima. Printa nyingi za nyumbani zinashika 2.4 peke yake. Kama ruta yako inatoa 5 tu, printa haiioni hata ukiiweka juu ya ruta. Jamaa atenganishe majina, moja ya 2.4, nyingine ya 5, halafu kompyuta na printa zote aweke 2.4.

---

FundiWaya

Kijana wa Rongai, nusu yake ni sahihi na nusu naipinga. Ni kweli nyingi hazina 5, na kwako huenda ndiyo ilikuwa tatizo kwa sababu printa haikuuona mtandao kabisa. Ya mwenzetu imeshaingia, taa imetulia, na simu inaprinti.

Halafu si lazima kompyuta na printa ziwe kwenye masafa yaleyale. 2.4 na 5 za ruta moja ni milango miwili ya nyumba moja. Mmoja kaingia mbele, mwingine kaingia uani, wanakutana sebuleni. Labda ruta iwe imewashwa ile kinga ya kutenganisha vifaa, au mmoja awe kwenye mtandao wa wageni. Mtandao wa wageni kazi yake ndiyo hiyo, kumpa mgeni intaneti bila kumwonesha vitu vya ndani, na printa ni mojawapo ya vitu vya ndani.

---

Mwana wa Pwani

Yakhe, si atumie tu ile Google Cloud Print? Mie nilikuwa naprinti hata nikiwa Pemba na printa ipo Unguja.

---

FundiWaya

Google waliifunga tarehe 31 Desemba 2020 mkuu. Iliondoka na mbinu nyingi za watu.

---

Mzee wa Tabata

FundiWaya nimerudi. Karatasi ya printa imetoka (hiyo nayo ni karatasi iliyotumika, naandika gharama).

Kompyuta chumbani: 192.168.100.14
Printa: 192.168.0.102
Simu ya mke wangu: 192.168.0.100

Ruta... lipo boksi la fundi wa faiba, alilifunga chumbani kwa sababu waya uliingilia dirisha la huko. Sebuleni Wi-Fi ilikuwa haifiki vizuri, nikanunua ruta nyingine nikavuta waya kutoka kwenye boksi. Ile ya sebuleni niliipa jina lile lile na nywila ile ile ya boksi ili simu zisisumbuke. Kwa hiyo ni Wi-Fi moja tu.

---

Kijana wa Rongai

Aiseee. Hapo hapo.

---

FundiWaya

Mkuu, mchawi tumempata, na umemwalika mwenyewe.

Angalia namba ya tatu kutoka kushoto. Kompyuta ina 100, printa na simu zina 0. Hizo ni nyumba mbili. Wewe una mitandao miwili yenye jina moja. Mtaa wa Uhuru unaukuta kwenye miji mingi ya nchi hii, lakini ukimwambia bodaboda wa Dar akupeleke Mtaa wa Uhuru hawezi kukushusha Moshi. Jina la Wi-Fi ni kibao cha barabarani tu. Anayeonesha upo mtaa upi ni hiyo anwani ya IP.

Kilichotokea ni hiki. Boksi la faiba linagawa anwani za 192.168.100. Ruta yako ya sebuleni, kwa kuwa ulichomeka waya kwenye tundu lake la WAN (lile la kupokelea intaneti), nayo imejifanya mwenye nyumba, inagawa za kwake za 192.168.0. Printa ipo sebuleni, ikakamata iliyo karibu. Simu ya shemeji ipo kwenye kochi, nayo ikakamata hiyo hiyo. Wewe upo chumbani chini ya boksi, umekamata la boksi. Wote mnasoma jina moja kwenye kioo, mnadhani mpo pamoja.

Saa nne usiku ulivyokuja na kompyuta sebuleni, mawimbi ya boksi yalififia, kompyuta ikahamia kwenye ruta ya sebuleni bila kukuambia, maana jina na nywila ni vile vile. Ilivyofika tu ikaikuta printa na kuimwagia foleni yote ya mchana. Hakuna aliyewaingilia.

Na kuna ujanja mmoja hapa unaowachanganya hata mafundi. Ruta ya sebuleni ipo *nyuma* ya boksi. Aliye sebuleni anaweza kutoka na kufika kwa vifaa vya chumbani akijua anwani. Aliye chumbani hawezi kuingia sebuleni, ruta inamfungia mlango kama inavyomfungia mtu yeyote wa nje. Ndiyo maana draiva ungebadilisha hadi mwakani.

---

Dogo Draiva

Nimekaa kimya.

---

Mzee wa Tabata

Nimecheka halafu nimeumia. Kwa hiyo nifanye nini? Nichague jina tofauti?

---

FundiWaya

Jina tofauti litakusaidia kujua upo wapi, lakini utakuwa unahama mtandao kila ukitaka kuprinti. Njia ya mkato ni hiyo, au kuihamishia printa kwenye Wi-Fi ya boksi. Ila ukiihamisha, simu za sebuleni hazitaiona zenyewe. Ule utafutaji wa printa ni kama mtu anayepiga kelele "nipo hapa!" ndani ya chumba, sauti haivuki kwenda mtandao mwingine. Itabidi umwandikie kila mmoja anwani kwa mkono. Shemeji atakurudishia hiyo printa.

Dawa yenyewe ni kuivua ile ruta ya sebuleni cheo cha mwenye nyumba. Ibaki kusambaza mawimbi tu, kugawa anwani liachiwe boksi.

Ukiwa kwenye Wi-Fi ya sebuleni, fungua kivinjari uingie kwenye ukurasa wa ruta ya huko, kwako itakuwa 192.168.0.1. Ruta nyingi za siku hizi zina sehemu ya kuchagua kazi ya ruta, na mojawapo imeandikwa Access Point. Ukiiona, chagua, ihifadhi, izime na kuiwasha, umemaliza.

Kama haipo, unafanya kwa mkono, na hapa ufuate mpangilio usije ukajifungia nje. Kwanza ibadilishe anwani ya ruta yenyewe iwe kwenye familia ya boksi, mfano 192.168.100.2. Kabla ya hapo chungulia kwenye boksi linagawa kuanzia ngapi. Yapo yanayoanzia 2, na likishampa mtu mwingine hiyo 2 watagombana. Sogeza mgao uanzie 20 hivi. Pili, zima DHCP (ile kazi ya kugawa anwani) kwenye ruta ya sebuleni. Tatu, chomoa waya kutoka tundu la WAN uchomeke kwenye moja ya matundu ya LAN, yale ya rangi moja yaliyokaa pamoja. Hilo tundu ndilo watu wanalosahau, halafu wanarudi hapa kusema ushauri haufanyi kazi.

Sasa lile jina moja na nywila moja uliloweka litakuwa na maana. Utatembea chumbani hadi sebuleni na bado upo nyumba moja.

---

Mama Kopi

Nimehifadhi hii. Na mimi niulize hapo hapo: wateja wangu wananiomba nywila ya Wi-Fi ili waprinti wenyewe kutoka kwenye simu. Sipendi. Natumia ile Wi-Fi Direct ya printa lakini wanalalamika WhatsApp inakata.

---

FundiWaya

Inakata kwa sababu Wi-Fi Direct ni printa inajifanya ruta yenyewe. Mteja anaunganisha simu kwa printa moja kwa moja, na printa haina intaneti ya kumpa. Kwa duka ni njia nzuri, anaprinti, anatoka, mtandao wako haujui. Mwambie tu afungue faili kwanza, alipakue kabisa kwenye simu, ndipo aunganishe. Wengi wanaunganisha halafu wanaanza kulipakua faili kutoka WhatsApp, ndipo kelele zinaanza.

Kumpa kila mteja nywila ya mtandao wenye kompyuta yako ya mahesabu, hapo una haki ya kutopenda.

---

Mzee wa Tabata

Mrejesho wa kwanza wakuu. Ruta yangu haikuwa na hiyo Access Point, nikafanya kwa mkono. Ndiyo, nilisahau kuhamisha waya. Ndiyo, nilianza kuandika hapa kuwa ushauri haufanyi kazi, halafu nikasoma tena.

Sasa kompyuta ni 192.168.100.14, simu ni 192.168.100.23. Printa niliizima na kuiwasha ikapata 192.168.100.25. Familia moja. Simu inaprinti. Kompyuta BADO inaandika Offline.

---

FundiWaya

Tulia. Kompyuta ina kumbukumbu ya anwani ya zamani, bado inagonga mlango wa 192.168.0.102 ambako hakuna mtu. Ifute printa kwenye orodha, iongeze upya. Isipojitokeza yenyewe, chagua kuongeza kwa anwani ya TCP/IP, andika 192.168.100.25. Mimi binafsi hiyo ndiyo ninayoipenda kuliko ile ya Windows kuitafuta yenyewe, maana ikijitafutia mara nyingi inafunga kwenye mlango wa WSD, na huo siku nyingine unaamua tu kwamba printa haipo.

Na kabla hujasherehekea: anwani hiyo 25 ni ya kukopa. DHCP inakopesha kwa muda. Umeme ukikatika, vyote vikiwaka kwa pamoja, boksi linaweza kumpa printa namba nyingine, na wewe utarudi hapa kusema imeharibika tena. Ingia kwenye boksi, sehemu ya DHCP, tafuta pa kufunga anwani kwa MAC, ile namba ya utambulisho ya kifaa chenyewe. MAC ya printa ipo kwenye ile karatasi uliyoilalamikia gharama. Ukishaifunga, hata ikizimwa mwezi mzima itarudi kwenye namba yake.

Maboksi mengine ya kampuni za intaneti yamefungwa, mteja haruhusiwi kugusa hiyo sehemu. Ikiwa hivyo, fungua kivinjari, andika anwani ya printa yenyewe, zipo nyingi zenye ukurasa wake, uweke anwani ya kudumu huko huko. Chagua namba iliyo nje ya mgao wa boksi. Kama mgao unaanza 20, mpe printa 10.

---

Kijana wa Rongai

Na kwa sisi ambao stima inapotea kila siku, UPS ndogo, ile betri ya akiba, inasaidia?

---

FundiWaya

Kwa boksi na ruta, ndiyo, vinakula umeme kidogo. Printa ya wino nayo haina shida. Printa ya leza usiichomeke kwenye UPS ndogo. Ndani ina kifaa kinachochemka ili kuyeyusha unga wa wino kwenye karatasi, na kikianza kuchemka kinavuta umeme mwingi kwa mkupuo. UPS italia au itazima kila kitu ulichotaka kukilinda.

---

Mwana wa Pwani

Samahani nateka uzi. Mie yangu haina Wi-Fi, ya waya wa USB tu. Nimeichomeka kwenye kompyuta ya mezani nikaishea, kompyuta nyingine inaniletea kosa 0x0000011b. Kuna video inasema nibadilishe kitu kwenye rejista, ile mipangilio ya ndani ya Windows.

---

FundiWaya

Iache hiyo video. Mwaka 2021 yaligundulika matundu mabaya ya usalama kwenye mfumo wa kuprinti wa Windows, maarufu zaidi likiitwa PrintNightmare. Microsoft wakaziba kwa awamu, na maboresho ya Septemba mwaka huo ndiyo yaliyoleta hilo kosa kwa watu wengi wanaoshea printa. Ile mbinu ya rejista inazima sehemu ya ulinzi. Anza na kusasisha Windows kwenye kompyuta zote mbili, maana tatizo mara nyingi ni moja kusasishwa na nyingine kubaki nyuma.

Na angalia mgongo wa ruta yako. Kama ina tundu la USB na maelezo yake yanataja printa, ichomeke hapo uiondolee kompyuta kazi. Ukitaka starehe zaidi, kompyuta ndogo ya Raspberry Pi yenye CUPS (programu ya kushea printa), hata simu zitaiona. Hiyo nifungulie uzi wake, hapa tutamchosha mwenyewe.

---

Mama Kopi

Na anayeenda kununua asome boksi vizuri. Nimeona watu wanabeba L3210 ya Epson wakidhani ni sawa na L3250 kwa kuwa zinafanana sura. Ya kwanza ni USB tu, ya pili ndiyo ina Wi-Fi. Ukifika nyumbani hakuna mpangilio utakaoiotesha antena.

---

Mzee wa Tabata

Mrejesho wa mwisho. Nimeifuta printa, nimeiongeza kwa anwani, ikatoa karatasi nikiwa chumbani, mlango umefungwa. Anwani nimeifunga kwa MAC kwenye boksi, lilinikubalia. Jioni umeme ukakatika kama dakika arobaini, nikawa nausubiri kwa hamu kwa mara ya kwanza maishani. Uliporudi, printa ilikuwa pale pale kwenye 25.

Kurasa zote 14 za kazi za likizo zimetoka. FundiWaya ubarikiwe mkuu, Mama Kopi na wengine asanteni. Dogo Draiva na wewe pia, ulijaribu.

Kijana amezipokea kwa mikono miwili, akazihesabu, halafu akaniuliza kama wino wa tanki huwa hauishi.